Majina ya wahusika kwenye riwaya ya fantasia: mnayatungaje yasigongane wala kuchekesha?

Wino_Mbichi

Wakuu, heshima kwenu.

Nina mswada wa riwaya ya fantasia. Ulimwengu wake ni wa kubuni kabisa, hakuna nchi wala mji wa dunia hii humo. Hadithi inakwenda, ila majina ndiyo yananikwamisha. Wahusika wenye majina ni kama arobaini, na kati yao wachache tu ndio wanaobeba hadithi. Kuna jamii mbili, watu wa milimani na watu wa pwani, waliopigana vizazi kadhaa na sasa inabidi waungane.

Kwa sasa hali iko hivi. Mfalme wa milimani ni Tharion, mdogo wake ni Thorian. Shujaa ni msichana wa pwani, Alira. Mchawi ni Kunyaro. Joka ni K'zanth. Jamii ya milimani nimeiita Wakoma. Upo pia upanga wa kurithi ambao katikati ya kitabu unaanza kusema, huo unaitwa Tukala.

Waliosoma rasimu wananirudia na malalamiko mawili: wanawachanganya wahusika, na majina “hayakai”. Hilo la kwanza nalielewa. La pili ndilo linanisumbua, kwa sababu hakuna anayeweza kunieleza kwa nini hayakai.

Naomba msaada: mtu anatunga vipi majina arobaini yanayosikika kama yametoka ulimwengu mmoja, bila kuokoteza ya kwenye filamu za Wazungu? Na je, yawe na maana kwa Kiswahili au yawe matupu?

Nawasilisha.

---

Kipanga

Mkuu, jamii ni Wakoma, mtu mmoja Mkoma, lugha yao Kikoma. Nchi yao je? Ukoma. Taifa zima umelipa ugonjwa.

Tukala nayo: tulipika, tukala, tukalala. Huo ndio upanga wa mababu?

Kunyaro sitamfafanua. Soma silabi zake mbili za mwanzo kwa sauti mbele ya watoto, halafu uone kama kuna atakayeogopa.

---

Silabi_Tatu

Kipanga anatania lakini kagonga penyewe. Majina yako yametungwa moja moja, yakapimwa moja moja, yakiwa peke yake kwenye orodha. Jina la riwaya halikai kwenye orodha, linakaa ndani ya sentensi za Kiswahili, limezungukwa na viambishi. Huko ndiko linakovunjika. Suala la sentensi nawaachia wahariri, mimi niseme kuhusu sauti.

Usitunge jina. Tunga kwanza ghala la silabi la kila jamii, majina yatoke humo. Kila jamii ipe konsonanti sita na irabu tatu. Kwa mfano, milimani: k, t, d, r, g, nd, pamoja na a, o, u. Pwani: l, m, n, s, y, w, pamoja na a, e, i. Sita mara tatu ni silabi 18. Majina ya silabi mbili yanayowezekana ni 324, ya silabi tatu ni 5,832. Wahusika arobaini hawawezi kulimaliza ghala hilo. Jamii hizi mbili zinakutana kwenye irabu a peke yake, kwa hiyo msomaji akiona Rogandu upande huu na Selime upande ule, anajua nani katoka wapi kabla hujamwambia. Hiyo ndiyo maana ya jina “kukaa”, au angalau nusu yake: lina ndugu zake.

Ukitumia konsonanti kumi na mbili kwa kila jamii, tofauti inapotea kwa sababu lazima ghala ziingiliane. Ukitumia tatu, majina yote ya jamii moja yanakuwa kama kigugumizi. Sita au saba inatosha.

Andika silabi zako kwenye karatasi, changanya, toa majina sitini ya kila jamii haraka haraka bila kuchuja. Baada ya hapo ndipo ufute, na tarajia nusu yatakufa. Mengine yatakuwa na neno la Kiswahili tumboni: Dukaro linasikika vizuri mpaka mtu aone duka. Mengine silabi zimejirudia, kama Dodoga, hilo ni jina la kitoto. Mengine ulimi unakataa, kama Rurora. Lakini neno lililojificha si baya kila mara. Rogandu lina “roga” ndani yake, na ukimpa mchawi jina hilo msomaji atalihisi bila wewe kumnong'oneza.

Usiyalinganishe mno. Ghala likifuatwa kikamilifu, majina yanatoa harufu ya mashine. Chagua sauti moja iwe alama ya jamii, hapo milimani nd inafaa, iingie katika jina moja kati ya matatu hivi, si yote. Halafu weka wachache wanaovunja sheria kwa sababu ya hadithi: mtu wa milimani mwenye l au m katika jina lake ana mama wa pwani, na hapo jina limefanya kazi ya aya nzima.

Kuna jambo la sauti na umbo ambalo si hisia za waandishi tu. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler alieleza kwamba watu wakionyeshwa maumbo mawili, moja la pembe kali na jingine la mviringo, kisha wakapewa majina mawili ya kubuni, takete na baluma, wengi wanaliita la pembe takete. Mwaka huohuo mwanaisimu Edward Sapir alionyesha kwamba ukiwaambia watu mal na mil ni meza mbili, wengi wanasema mal ndiyo kubwa. Kwa hiyo a na o zinabeba ukubwa, i inabeba udogo na wembamba. K na t zina ncha, m na l ni laini. Tumia hilo kwa kiasi. Ukiwarundikia wabaya wote k na g, na wema wote l na m, msomaji atamjua msaliti siku ya kwanza anapotajwa.

Sasa majina yako. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na msomaji atafanya hivyo hata kama wewe kichwani unatamka vingine. Neno likiishia na konsonanti, wengi wataliongezea irabu mdomoni: Tharion atakuwa Tharioni, na hapo mfalme kageuka kuwa mahali. Irabu zikifuatana kila moja ni silabi yake, kwa hiyo Kaelia ni ka-e-li-a, nne, wala si jina fupi kama linavyoonekana.

K'zanth lina makosa mawili. Alama ya ritifaa kwenye Kiswahili ina kazi, ndiyo inayotenganisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Ukiichomeka kwa mapambo, jicho linatafuta ng ambayo haipo. Halafu konsonanti zinazofuatana kila mtu atazitenganisha kwa irabu anayoitaka yeye: mmoja atasema Kazanthi, mwingine Kizanti. Wasomaji wawili wa kitabu chako watashindwa hata kumzungumzia joka mmoja.

Tahadhari ya mwisho ni sauti zinazobadilishana midomoni. Wapo wasomaji wengi wanaotamka th kama s, dh kama z, gh kama g, kh kama h, na wapo wasiotofautisha l na r. Kwa hiyo Dhila na Zila wasiwe kitabu kimoja, Lamo na Ramo vilevile. Kila mmoja peke yake hana shida.

---

Mhariri_wa_Usiku

Naendelea alipoachia Silabi_Tatu, maana hapa ndipo miswada mingi inapolegea.

Wino_Mbichi, chukua Alira. Kwenye orodha ni jina zuri. Sasa liweke mwanzoni mwa sentensi: “Alira alipofika mtoni...” Msomaji wa Kiswahili amezoea sentensi inayoanza na kitenzi, na herufi kubwa mwanzoni haimsaidii kwa sababu kila neno la kwanza lina herufi kubwa. Akiona Ali- anaanza kusoma kitenzi cha wakati uliopita, anafika “ra”, anakwama, anarudi. Ni nusu sekunde, lakini inajirudia mara mia kadhaa kitabuni, na ndiyo hiyo “haikai” wanayoshindwa kuieleza. Jina Ali lenyewe halisumbui kwa kuwa kila mtu analijua. Jina la kubuni halina ulinzi huo.

Kwa hiyo mhusika anayeanzisha sentensi mara kwa mara asiwe na jina linaloanza na Ana-, Ali-, Ata-, Ame-, Aka-, Ha-, Ni-, Tu-, Wa-, Si- au Ku-. Hatoki, Nimori, Atasi, Kutaro: yote ni vitenzi vilivyovaa kofia. Jina linaloanza na M na konsonanti ya kawaida, kama Mdoro, linasomeka kama mtu wa kabila la Wadoro. Na jina la mtu lisiishie na -ni. “Alikimbilia Beruni” ni mji. Ukiandika “Alimkimbilia Beruni” umeokoa kidogo kwa kile kiambishi m, lakini kwa nini ujipe kazi ya kuokoa kila mara? Weka -ni akiba kwa ajili ya miji na misitu, huko inafaa sana.

Kisha lijaribu jina baada ya kiunganishi cha umilikaji. Mhusika mkuu atakuwa na kisu, nyumba, jina, macho, mambo, yaani kila ngeli itampitia. “Jina la Lamo”, “meli ya Yasemi”, “kisu cha Chadoka”, “upanga wa Walise”. Soma kwa sauti. Mhusika mdogo anaweza kuvumilika, mkuu hapana. Kwa hiyo kwenye ghala la pwani alilotoa mwenzangu, silabi la, ya na wa zisianzishe jina la mtu muhimu. Katikati na mwishoni hazina neno.

Suala kubwa kuliko yote ni hili: Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi. A- ni wote. Mwandishi wa lugha yenye viwakilishi viwili akiwa na mwanamume na mwanamke kwenye tukio moja anaweza kwenda ukurasa mzima bila kutaja jina. Wewe huwezi. Angalia: “Selime alimsukuma Rogandu ukutani. Akachomoa kisu.” Nani kachomoa? Kwa -ka- msomaji atamwendeleza Selime. Kama ni Rogandu, lazima umtaje, na kwenye pambano utawataja karibu kila sentensi ya pili. Ndiyo sababu wanaokutana sana kwenye tukio moja wawe na majina mafupi, silabi mbili au tatu, na yasiyofanana hata kidogo. Silabi nne na tano wape wafalme waliokufa.

Msaada wa jina ni nomino ya kazi au umri. Kila mhusika mkuu mpe moja ambayo ni yake peke yake humo kitabuni: yule mwindaji, yule mzee, nahodha. Ukiwa na wawindaji wawili, umeitupa.

Jinsia nayo haitaonekana kwenye jina. Msomaji wa Kiswahili hana mazoea ya kudhani -a ni ya kike, Juma na Asha wote wanaishia na a. Kama unataka mwisho wa jina uonyeshe jinsia kwenye ulimwengu wako, onyesha jozi mapema, kaka na dada, au mume na mke, kwenye sura ya kwanza au ya pili, kisha usivunje kanuni hiyo. La sivyo achana nayo, sema tu “binti” mara moja mtu anapoingia.

Halafu upanga. Hapo una bahati ambayo wenye lugha nyingine hawana. Kitu chenye jina kinafuata ngeli ya kitu hicho: upanga ukiitwa Goda, “Goda uliwaka”. Siku unapoanza kusema, badilisha: “Goda alisema.” Usielezee chochote, hilo badiliko la u kwenda a ndilo tukio lenyewe. Ila lazima uwe umeshikilia u- bila kuteleza tangu mwanzo, maana ukiwa umechanganya huko nyuma hakuna atakayeona. Joka ni vivyo hivyo: kabla halijapewa jina unaweza kuandika “joka lilipaa”, likishapata jina na akili, “alipaa”.

---

Bi_Nahau

Kwenye swali la maana, sitaki mwandishi atoke hapa akidhani majina matupu ndiyo pekee ya fantasia. Jina lenye maana linabeba kitu ambacho Rogandu hawezi kukibeba, na sarufi yetu inalilinda. “Subira ilimshinda” ni ile hali ya kuvumilia. “Subira alimshinda” ni mtu. Mchukue mhusika aitwaye Kivuli: “Kivuli kilipita dirishani”, “Kivuli alipita dirishani”. Kiambishi kimoja tu, na mwandishi mjanja anaweza kucheza na hofu ya msomaji kwa upatanisho tu.

Lakini ulinzi huo una mipaka. Maneno ya ngeli ya kwanza hayana kinga: mtu akiitwa Mlinzi, “Mlinzi alifika” mwanzoni mwa sentensi ni mlinzi yeyote. Wanyama hivyo hivyo, kwa kuwa nao wanachukua a-. Kwenye kitabu ambacho wanyama wanasema, “Chui alinguruma” ni mtu au ni chui? Utahitaji sentensi ya ziada kila mara. Kwa hiyo ukitaka majina ya maana, yachukue kwenye ngeli zisizo za viumbe: Kivuli, Ukungu, Radi, Subira, Jabali.

Kitu kingine, epuka maadili matupu. Ukimwita mtawala Dhuluma na mshauri wake Hekima, umeandika hadithi ya mafunzo na msomaji anajua mwisho kabla ya ukurasa wa kumi. Jina la maana linafaa zaidi likiwa linapingana kidogo na mtu, au linahusu siku aliyozaliwa, si tabia yake.

Wala usichanganye bila mpango. Jamii moja ikiwa na majina ya maana na nyingine matupu, hiyo ni tofauti nzuri ya kiutamaduni. Kivuli na Rogandu wakiwa ndugu wa baba mmoja, eleza kwa nini.

---

Silabi_Tatu

Nakubaliana na Bi_Nahau, ila naongeza kuhusu jina la jamii, kwa sababu hilo la Ukoma halipaswi kumpata mtu.

Shina la jamii lipitishe kwenye maumbo yote kabla hujalipenda: M-, Wa-, Ki-, U-, na U- pamoja na -ni. Shina Koru: Mkoru, Wakoru, Kikoru, Ukoru, Ukoruni. Hakuna linalogongana na neno. Lianze na konsonanti. Irabu inaleta usumbufu tunaoujua kwenye Mwarabu, Waarabu, Kiarabu: umoja una mw, wingi una irabu mbili, na shina linajificha. Kwa Kiarabu tumezoea, kwa jamii ya kubuni msomaji hajui shina ni lipi na hatatambua kwamba Mwaro na Uaro vinahusiana.

Kisha litafute kwenye intaneti na kwenye kamusi. Mashina mafupi ya silabi mbili yana uwezekano mkubwa wa kuwa ni kabila la kweli mahali fulani, na hutaki kabila la kweli liwe ndilo linalokula watu kwenye sura ya nane.

---

Wino_Mbichi

Wakuu, nimesoma yote, asanteni sana. Dada Bi_Nahau, hilo la Kivuli nalichukua kwa jamii ya tatu niliyokuwa nimeiacha pembeni.

Nimepangua. Mfalme sasa ni Togura, mdogo wake Kado, shujaa wa pwani Selime, mchawi Rogandu (Silabi_Tatu umenipa bure hilo), joka Dagaro, upanga Goda kama alivyosema Mhariri, jamii Wakoru. Yamekaa? Na nitayabadilishaje kwenye mswada wa zaidi ya kurasa mia tatu bila kuharibu kitu?

---

Mhariri_wa_Usiku

Yanakaa, isipokuwa joka. Tumia kipimo hiki kwa wale wakuu: linganisha kila jozi kwa vitu vinne, yaani herufi ya kwanza, idadi ya silabi, irabu yenye mkazo, na irabu ya mwisho. Watofautiane kwa vitatu angalau.

Tharion na Thorian wa zamani, yakisomwa Tharioni na Thoriani: herufi ileile, silabi nne nne, mwisho uleule, tofauti ni irabu ya mkazo tu. Moja kati ya nne, ndiyo maana walichanganywa. Togura na Kado: T na K, tatu na mbili, u na a, a na o. Vyote vinne, safi sana kwa ndugu wanaokuwa pamoja kila tukio. Rogandu na Dagaro: herufi ya kwanza tofauti, silabi tatu tatu, mkazo wote kwenye ga, mwisho u na o. Viwili tu. Geuza joka awe Darogo, mkazo unahamia kwenye o, na anapita dhidi ya wote.

Kosa hili halibagui wakubwa. J.R.R. Tolkien aliwaweka Sauron na Saruman kitabu kimoja, The Lord of the Rings, wote maadui, na filamu yake ya katuni ya Ralph Bakshi ya 1978 ikalazimika kumwita huyo wa pili Aruman mara kadhaa ili watazamaji wasipotee.

Kwa wale thelathini na zaidi waliobaki usijitese na jozi zote. Angalia tu wanaoingia sura moja, na herufi za mwanzo zisijirudie zaidi ya mara mbili ndani ya sura. Mlinzi wa mlangoni anayesema neno moja hahitaji jina kabisa. “Mlinzi” inatosha, na kila jina unaloliondoa linawapa nafasi waliobaki.

Jambo ambalo hukuuliza: amua nani ana ruhusa ya kumwita nani kwa jina tupu. Kijana akimwita mfalme “Togura” bila cheo, msomaji wetu anasikia tusi kabla hajasikia mazungumzo. Kama Wakoru hawana desturi hiyo, onyesha mapema. Kama wanayo, basi cheo kimoja tu kwa kila mtu, kisichobadilika. Togura, Mfalme, Mtukufu, Baba wa Milima na Mwana wa Ndara, wote wakiwa mtu mmoja ndani ya sura mbili, hao ni watu watano.

---

Kipanga

La kubadilisha niachieni, hapa ndipo vitabu vinapotoka na vichekesho.

Nakili faili kwanza, ubadilishe kwenye nakala. Ukibonyeza “badilisha zote” kavukavu, programu haijui jina ni nini. Ukigeuza Alira kuwa Selime, “paka aliramba maziwa” inakuwa “paka Selimemba maziwa”. Ukigeuza Tukala kuwa Goda, “tukalala” inakuwa “Godala”. Washa machaguo yote mawili, neno zima na kutofautisha herufi kubwa na ndogo. Neno zima linazuia Selimemba, herufi kubwa inazuia “tukala” ya kweli isiguswe kwenye karamu ya sura ya tano. Ila kama sentensi inaanza na “Tukala” ya kula, itapita. Kwa hilo usibadilishe zote kwa mpigo, pitia moja moja.

Jamii ndiyo kazi. Neno zima halitashika Wakoma na Mkoma kwa pamoja, kwa hiyo ziendeshe moja moja: Wakoma, Mkoma, Kikoma, Ukoma, Ukomani, halafu kikoma kwa herufi ndogo kama umeandika “nyimbo za kikoma”. Usijaribu njia ya mkato ya kutafuta “koma” peke yake. Utaharibu kukomaa, ukomavu na kila mahali mtu alipokoma kufanya jambo.

Kama jina la zamani linahamia kwa mtu mwingine, mfano Thorian anakuwa Kado na nahodha mmoja alikuwa tayari anaitwa Kado, pita kwanza kwenye msimbo. Nahodha wa zamani mfanye ZZ1, kisha Thorian awe Kado, kisha ZZ1 upewe jina jipya. ZZ haitokei kwenye neno lolote la Kiswahili, kwa hiyo ukimaliza unatafuta zz na kama kuna iliyosahaulika inajitokeza. Hata unapoandika rasimu mpya na jina halijaja, andika ZZ4 uendelee, usisimamishe sura nzima kwa ajili ya muuza samaki.

Baada ya hapo tafuta vipande vya majina ya zamani bila neno zima: Thar, Thor, zanth. Vitakuonyesha ulipokosea tahajia, Tharrion na Thariyon, ambavyo programu iliviruka. Na upanga upitie kwa macho peke yake: kila penye Goda kabla ya sura anayoanza kusema, hakikisha ni u-, maana Tukala uliiandika hovyo hovyo huko nyuma, naweka dau.

---

Wino_Mbichi

Kipanga, nimeangalia sura ya pili sasa hivi. “Tukala alikuwa ukutani”, “Tukala ilikuwa ukutani” na “Tukala ulikuwa ukutani”, zote kwenye ukurasa mmoja. Naanza na huo.